Kichwa cha Samaki

Lubunga

Mado, mjukuu wangu,

Huku tuko, asante Mungu. Goti linanisumbua, lakini sokoni bado naenda. Tonton, mjomba yako, amepata kazi uwanja wa ndege wa Bangboka, anakusalimia.

Umeniuliza kama ni ujinga kumwekea bwana yako chakula na yeye iko vitani. Unajua kwetu watu wa mto, kichwa cha samaki ni cha bwana mwenye nyumba, mkia ni wa mke wake. Babu yako alipokwenda jeshini, mama yako alikuwa bado mgongoni. Kila nilipopika, kichwa nilikiweka kando, nikakifunika. Mama mkwe wangu aliniona, akaniacha nifanye.

Mchana mmoja mama mkwe alirudi kutoka ng'ambo ya mto, alikokwenda kuuliza habari za mtoto wake kambini. Aliketi, akafunua kile kichwa, akakitia kwenye sahani yangu.

"Kula, mutoto yangu."

Hapo nilijua babu yako hayuko tena. Nilikula chote, maana yeye ndiye aliyemzaa, na alikuwa ananiangalia.

Bon, wewe mwekee tu. Na ukija kula kwangu, naomba Mungu niendelee kukupa mkia.

Koko yako