Barua ya Oteng Iliyokwenda Shoshong

S.L.P. 40371,
Tlokweng.

Jumapili, 5 Mei 2019

Mpendwa Dada Gabaake,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa pili kimekuacha. Nasikia theluji ya huko Scotland imekwisha. Hapa joto limepungua tangu wiki iliyopita na asubuhi tunavaa sweta. Tunakula na kulala. Sethunya wangu anaumwa goti, lakini linamuuma tangu mwaka 2014 na bado anakwenda kanisani kwa miguu. Binti yako Oteng anaendelea, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Sijakupigia kwa sababu mbili. Kwanza, simu zetu za mwezi uliopita ziliishia wewe kulia na mimi kunyamaza, na hakuna aliyepata habari kamili. Pili, uliniuliza kama uache kazi urudi, nami sikukujibu. Nataka ufikiri ukiwa na tarehe mbele yako. Hizi nimezitoa kwenye shajara yangu.

Oteng alitimiza miaka kumi na minane tarehe 4 Februari. Kitengo cha watoto kilichomtibu tangu aanze kusikia sauti huwaachia wagonjwa katika umri huo. Hawatupwi, hupelekwa kliniki ya watu wazima kwa barua ya rufaa. Mma Tshukudu, muuguzi aliyekuwa naye miaka yote mitatu, alianza kumwandaa tangu Oktoba. Alimfundisha majina ya dawa zake, kipimo chake, dalili zinazotangulia akianza kuzidiwa, na namna ya kumweleza haya mtu asiyemjua. Mimi niliona wanapoteza muda, maana yote hayo nilikuwa nayo daftarini.

Jumatano, 30 Januari, tulikwenda kwake mara ya mwisho. Alikuwa anajaza fomu ya rufaa. Akamtazama Oteng, akamuuliza, "Nyumbani ni wapi, binti?"

Oteng alifungua mdomo. Nikajibu mimi.

Nilijibu kama baba alivyotufundisha: Shoshong, boma la Ketlogetswe, upande wa mlimani. Nadhani hata mgongo niliunyoosha. Unatujua. Mtu wetu azaliwe mjini, afanye kazi mjini, azeekee mjini, akiulizwa nyumbani hataji nyumba ya mjini. Mma Tshukudu ameona familia nyingi zikimrudisha kijijini mtoto aliyeacha shule, basi akaandika Shoshong. Barua ikapanda kaskazini, mwendo wa saa tatu. Sisi tukarudi Tlokweng na vidonge vya miezi miwili, kungoja kuitwa.

Hapa shajara inanionyesha vizuri. 18 Februari: hakuna simu. 4 Machi: hakuna simu. 20 Machi: hakuna simu, nimekagua chaji. Oteng aliniambia, "Mjomba, twende tukaulize." Nikamwambia ofisi ina utaratibu wake, na mvumilivu hula mbivu.

"Na zikishaoza?" akaniuliza.

Hilo sikuliandika siku ile. Nimelikumbuka baadaye.

Vidonge viliisha Jumapili, 31 Machi. Kuanzia tarehe 3 Aprili hakulala. Jumatatu, tarehe 8, chumba chake kilikuwa kitupu asubuhi. Tulimkuta saa nne katika stendi kuu ya mabasi, upande wa magari ya kaskazini, hana viatu, anazungumza taratibu na mtu ambaye sisi hatukumwona. Mama mmoja anayeuza mandazi alikuwa amemfunika shuka lake, naye anawafukuza vijana waliokuwa wametoa simu. "Ondokeni hapa! Picha ya nini? Kwenu hakuna wagonjwa?" Tulimshukuru. Alisema tuondoke naye haraka kabla basi la Mahalapye halijashusha watu.

Jumatano, tarehe 10, nilimpeleka kliniki ya watu wazima bila kuitwa. Karani wa mapokezi alitafuta jina lake kwenye orodha ya barua zilizofika.

"Halipo, Rra."

Nikamwomba atafute tena.

"Nimetafuta mara tatu. Au niliandike mwenyewe ndiyo uridhike?"

Bila barua angepokewa kama mgonjwa mpya, na nafasi ya kwanza ilikuwa 20 Mei. Tukaenda chumba cha dharura. Daktari hakuwahi kumwona, hakuwa na faili lake, na alianza kuuliza tangu mwanzo. Nilimsomea kutoka daftarini. Alimpa sindano, na dawa tofauti na ile ya zamani, ya wiki mbili tu. Alisema wazi kwamba wao hushika mgonjwa kwa muda, hawawezi kumlea. Dawa hiyo ilimlaza Oteng saa kumi na sita kwa siku. Akiamka alikuwa hajui kama ni asubuhi au jioni. Nilihesabu: dawa ingeisha tarehe 24, miadi ingekuwa 20 Mei. Katikati kulikuwa na siku ishirini na sita, na sikuwa na cha kuziwekea.

Kwa hali hiyo hatukwenda kijijini Pasaka. Jumamosi, tarehe 20, Shangazi Ntebaleng akapiga simu. Hakusalimia.

"Mbona hamjaja? Hizi kunde nimempikia nani? Na karatasi ya mtoto nimpe nani?"

"Karatasi gani, Shangazi?"

"Ya hospitali! Ipo hapa tangu Machi."

Kumbe mhudumu wa afya wa kijijini alifika uani mara mbili kumtafuta Oteng. Shangazi alimwambia mtoto huyo hajalala pale tangu Krismasi, ila Pasaka atakuja, kwani nani haji Pasaka? Akaiweka karatasi ya miadi kwenye kopo la sukari ili panya wasiifikie. Kutupigia hakuona haja, maana karatasi ilikuwa salama. Sisi tulikuwa tunangoja kuitwa Tlokweng, na Oteng alikuwa anaitwa Shoshong. Hatukufika Shoshong kusikia kwamba anaitwa kwa sababu alikuwa mgonjwa, na alikuwa mgonjwa kwa sababu hatukusikia.

Jumanne, tarehe 23, ofisi zilipofunguliwa, nilimpigia Mma Tshukudu na kumweleza yote.

"Rra Ketlogetswe," akasema, "nilimuuliza Oteng."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nikaandika jibu lako. Basi tumekosa wawili. Njooni Alhamisi, mimi nitawatangulia."

Alhamisi, tarehe 25, haikuwa zamu yake kazini. Tulipofika kliniki ya watu wazima tulimkuta mlangoni na nakala ya faili kwapani. Muuguzi wa pale ni Rra Ntesang, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Tukakaa wanne. Rra Ntesang akamuuliza Oteng ugonjwa ulianzaje. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wenyewe.

"Mjomba," Rra Ntesang akaniambia, "hilo daftari tutalihitaji sana. Leo lakini si zamu yake."

Oteng akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Machi. Niliandika saa.

Alieleza mwenyewe, polepole, kwa kurudi nyuma mara kwa mara. Mahali pawili alitofautiana na daftari langu. Mma Tshukudu hakumsaidia hata neno moja. Alikuwa akiangalia mikono yake tu. Kisha Rra Ntesang akamuuliza anakaa wapi.

"Tlokweng, kwa mjomba, chumba cha nyuma, geti la bluu. Kwetu ni Shoshong, lakini dawa zangu nazimezea Tlokweng."

Akaulizwa nani apigiwe simu akizidiwa.

"Mjomba. Ila mniulize mimi kwanza, kama bado naweza kujibu." Halafu akanigeukia. "Mjomba, nisubiri nje."

Nikatoka. Shajara inasema: saa nne na dakika kumi nimetoka, saa nne na dakika arobaini na tano ametoka. Katikati hakuna kitu. Kwa hiyo, Dada, uliniagiza nikuandikie kila neno lililosemwa kliniki, lakini dakika hizo thelathini na tano siwezi kukupa. Sikuwemo ndani, na sijauliza.

Hali ilivyo leo ni hii. Dawa ya zamani ilirudishwa siku ile ile. Kwa usiku analala jumla ya saa saba au nane. Sauti hazijaisha, anasema zimepunguza kelele, kama jirani aliyeonywa. Tarehe 2 Mei alikwenda kliniki peke yake na kurudi peke yake, na Mma Tshukudu alikuwepo. Atakuwepo mara mbili zaidi, kisha atamwachia Rra Ntesang kabisa. Miadi ijayo ni 16 Mei. Tarehe ameiandika Oteng mwenyewe, ukutani kwake. Anataka kuanza masomo ya jioni Januari. Mimi nilisema mapema mno. Yeye alisema Januari iko mbali.

Sasa swali lako, uache kazi urudi au la. Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu, ukurasa mzima, lenye sababu sita. Kisha nikaenda chumba cha nyuma nikamuuliza yeye. Alisema, "Mwambie anipigie mimi." Basi ule ukurasa nimeuchana. Simu yake ni ile ile, na jioni baada ya saa kumi na moja huwa hana kazi. Usianze kwa kuuliza kama amemeza dawa. Muulize habari za mchana.

Sethunya anakusalimu sana, na goti lake. Shangazi Ntebaleng anakusalimu. Kopo limerudishiwa sukari, naye sasa ana namba zetu zote ukutani. Msalimie bibi unayemtunza, mwambie tunamwombea. Mungu akutunze unapotoka kwenda kazini gizani, na akurudishe gizani salama.

Mdogo wako akupendaye daima,

Modiri

N.B. Nimempa Oteng barua hii aisome kabla ya kuifunga. Utaona mistari miwili iliyofunikwa kwa wino pale ninapoeleza siku ya tarehe 8. Ameifunika yeye. Nilitaka kuunakili ukurasa upya upendeze, akasema uende hivyo hivyo.