Bunduki ya Baba Yako Iliyopotea

Kwa mwanangu mpendwa Nestor,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mgodini, kifua kimepona, na soksi za sufu unazivaa. Sisi hapa tunapumua. Baba yako Orest anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Bibi yako Tekla anakusalimu, miguu imemvimba lakini ulimi haujambo, jana kaniambia mkate wangu wa Pasaka ungeweza kujengea choo. Dada yako Daria anakusalimu, na mumewe, na mapacha, ambao sasa wana meno na wanauma. Ng'ombe thelathini na mmoja wameshazaa, bado tisa. Theluji imebaki nyuma ya ghala tu.

Simu sikupiga kwa sababu baba yako anasikia kila kitu kupitia ukuta. Nisamehe mwandiko, unajua niliacha shule darasa la sita.

Ile barua ya serikali ilikuja mwezi wa pili. Inasema bunduki ya baba yako, ile nyeusi aliyoinunua mwaka ule ulipomaliza shule, imetolewa kwenye kundi la bunduki za kuwindia na kutiwa kwenye kundi la zilizopigwa marufuku. Baba yako aliisoma akiwa amesimama, halafu akaisoma amekaa. Alisema yake na ya jirani Petro zinakula risasi za aina moja na nguvu ni moja, lakini ya Petro ina kitako cha mbao kwa hiyo ni mtakatifu, na yake ina kitako cheusi kwa hiyo ni jambazi. Akasema aliinunua kwa leseni yao na mhuri wao, hajabadilisha hata skrubu, sasa nani kabadilika? Akaapa kwamba atakayekuja kuichukua ataipokea kwa upande wa mtutu. Mwanangu, hakucheka aliposema hivyo.

Mwezi wa tatu walikutana ukumbini, watu kama sitini. Wakili, Bi. Thibault, alitoka mjini Regina kuwaeleza kwamba wanaweza kuishtaki serikali, ila lazima awepo mtu mmoja wa kutangulia, mwenye bunduki yenyewe mkononi, atakayeapa kwa hati na kutoa namba zake. Wote wakamgeukia baba yako. Akakubali, kifua mbele.

Ndipo jirani yetu mwingine, Abram Enns, akasimama. Alisema yeye amesharudisha zake zote, analala vizuri, na haoni sababu ya wanaume wazima kulilia chuma. Petro akamwambia kaa chini wewe, hata kuku wako unamwomba ruhusa kabla ya kumchinja. Watu wakacheka. Abram akajibu kwamba kuku wake angalau hawaogopi kivuli chao. Sikuona nani alianza, niliona kiti kinaruka. Baba yako alimpiga Abram ngumi moja, damu ikatapakaa kwenye sahani za pirohi, zile sambusa za viazi tulizopika sisi wanawake. Bi. Thibault alikusanya karatasi zake na kutoka nje bila koti.

Na huyu Abram ndiye aliyempa baba yako lile kabati la chuma la kufungia bunduki, bure, alipoacha kulihitaji. Baba yako hakuwahi kubadilisha namba za kufuli. Kumbuka hilo.

Sasa nikueleze ya Jumanne iliyopita. Nguruwe pori walivunja uzio alfajiri wakaingia kwa ng'ombe wanaozaa. Yule mwekundu, unayemjua, ndama alikuwa ametoka nusu. Walimla akiwa bado ndani ya mama yake. Nilisikia mlio ambao sitaki kuuandika. Baba yako alitoka na ile bunduki kuukuu ya risasi mbili, akampiga mmoja, wa pili akamkosa, na dume likamjia. Alilipiga kwa nyundo ya nguzo za uzio hadi kichwa kikawa hakina umbo, na aliendelea kupiga hata baada ya hapo. Ng'ombe naye ilibidi amalizwe.

Akaingia ndani, damu mpaka kwenye nyusi, akafungua kabati kuchukua ile iliyokatazwa awafuate waliobaki. Kabati tupu. Kufuli halikuvunjwa.

Alisema neno moja tu: Abram. Akachukua nyundo ileile na funguo za gari.

Nestor, alimkuta kwenye zizi akikamua. Tina mkewe ndiye aliyenisimulia. Abram alimuuliza, Orest, umeumia? kwa sababu ya ile damu. Baba yako alimvunja mfupa wa bega, kisha taya, meno manne, na jicho la kushoto madaktari wanasema halitaona. Alikuwa anamuuliza bunduki iko wapi, na kila Abram akisema sijui, anampiga. Tina alimfukuza kwa uma wa majani. Na hospitalini Abram akawaambia polisi kwamba ameanguka kutoka kwenye trekta.

Baba yako anaona kimya hicho ni ushahidi wa wizi. Yeye hajawaambia polisi kwamba bunduki imepotea, ingawa sheria inamtaka aseme, kwa sababu bila bunduki mkononi kesi itamtoka. Abram anarudi nyumbani Jumamosi, na baba yako amesema Jumamosi ataenda kumalizia maswali.

Mwanangu, bunduki niliichukua mimi.

Ilikuwa wiki ile ya mkutano; namba za kufuli nazijua, nimemwona akifungua mara nyingi. Ile barua nilisoma neno marufuku, mengine yalinishinda. Nilidhani watakuja siku yoyote na magari, na baba yako atasimama mlangoni kama alivyoapa, nami nitakusanya ubongo wake kwenye ngazi. Nikaikata vipande vinne kwa mashine yake ya kukatia chuma, nikavitupa kwenye bwawa la ng'ombe. Daria ndiye alinisomea barua baadaye: ilisema aifungie tu, asiitumie, ana muda wa miaka miwili. Hakuna aliyekuwa anakuja.

Na Jumanne nilikuwa jikoni, futi sita kutoka kwenye lile kabati, nikamwacha aondoke. Niliogopa. Jicho la Abram nimelitoa mimi.

Daria atamchukua bibi Alhamisi asubuhi. Yule mweusi mwenye pembe moja atazaa karibu siku hiyo, na yeye huzaa kwa shida. Nitasubiri baba yako awe na mikono yote miwili ndani ya ng'ombe akivuta ndama, nimwambie hapo. Hawezi kumwachia ndama. Atalazimika kunisikiliza mpaka mwisho.

Wasalimie wenzako wote, na yule mpishi anayekuongezea nyama. Jibu upesi, usingoje mwisho wa zamu. Ila bahasha iandike jina la baba yako, si langu; ikifika atakuwa ameshajua yote, na yeye ndiye atakayehitaji neno lako.

Mama yako akupendaye,
Stefania