Kitabu Walichompa Baba

Shoga, usinipigie. Baba yuko hapa sebuleni, atasikia.

Unakumbuka kile kitabu cha mwongozo wa chama cha siri cha wale wakubwa wa mjini? Kile Baba alichokuwa anakikariri huku anawashonea majoho yao? Leo ndiyo walimwita kumpokea awe mwanachama.

Bosi wangu wa kiwanda cha uchapaji, naye ni wa chama hicho hicho, akanipigia nimpelekee ukumbini boksi la miongozo mipya. Nafika mlangoni, nasikia jogoo anawika. Jogoo, shoga! Nachungulia, ni Baba. Kiatu kimoja mguuni, kingine kichwani, anawika, na watu wazima wanauma midomo wasicheke.

Nikafungua mwongozo mmoja kwenye boksi. Hakuna jogoo. Hakuna kiatu. Mgeni anaapa, anapewa mkono, basi.

Bosi akatoka na joho lake, akanikuta nasoma. "Kitabu tulichompa baba yako ni cha wale tusiowataka," akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Fundi anayetushonea naye avae joho? Usimwambie, binti. Tumemwambia arudi Jumamosi, wake zetu nao wamwone."

Wake zetu nao wamwone. Kasema hivyo hivyo.

Nimerudi nyumbani, Baba uso umemchanua. "Wamesema sauti tu ndiyo bado, mwanangu. Jumamosi napokelewa!"

Nikafungua mdomo nimwambie. Akanipa kitabu. "Nishikie. Nikikosea, nirekebishe."

Shoga, alianza na kiatu cha kushoto badala ya cha kulia.

Nikamrekebisha.