Sehemu ya Pili Inaonyeshwa Jumamosi

Jumatatu, 2 Julai 2001

Nimerudi kutoka Mwanza. Mgongo umekwisha kwa ile barabara, lakini begi limejaa mikanda. Mayige ndiye mwenye banda la video, jenereta, deki, runinga na kila kitu, isipokuwa jicho la kuchagua picha. Hiyo kazi ananiachia mimi. Yeye anatafuta mafuta, mimi nachagua, naandika ubao, natafsiri kwenye maiki. Angeachiwa mwenyewe, Somanda yetu nzima ingekuwa inaangalia mieleka mwaka mzima.

Nilipita pale sinema kusoma mabango. Moja tu ya maana: ya Kihindi, mama kipofu na wanawe wawili, mmoja polisi, mwingine jambazi. Saa tatu na nusu! Nitalia, najijua. Ila mkanda wake hautafika mpaka Septemba, na wa kwanza kuingia utakuwa ule wa kurekodiwa ukumbini, na vichwa vya watu vinapita mbele. Siutaki huo. Nitasubiri safi.

Ubao wetu wa ZINAZOKUJA nimeujaza. Jumatano ya wiki ijayo, ya Kichina — wapishi wawili wanapigana kwa masufuria. Nyepesi, ya kufungulia wiki. Jumapili ya Wamarekani porini. Hadithi ya hovyo, milipuko ya uhakika. Na Saba Saba, ya Kinigeria. Hizi za Nigeria nilikuwa nazidharau: sauti mbovu, taa mbovu, watu wanagombana sebuleni saa mbili. Lakini muuzaji aliniwekea dakika kumi dukani na nusura basi liniache. Bibi kizee anahamia kwa mwanawe. Wajukuu wanaugua mmoja mmoja. Wa ndani hawajui anayewaroga ni nani, sisi tunajua. Kava limechanika, jina halisomeki, basi nimeipa mwenyewe: Mama Mkwe. Iko sehemu mbili. Ya pili bado iko Dar.

Jumamosi, 7 Julai 2001

Saba Saba. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya marobota nje, wanachungulia. Msimu wa pamba, kila mtu mjini. Mikokoteni ya ng'ombe imeegeshwa mpaka kisimani.

Niandike hili kabla halijapoa. Anayetafsiri lazima kila mtu ampe sauti yake. Mwanaume nilimpa ya karani wa mzani, mkewe nikampa ya dada yangu Lucy akikasirika. Yule bibi sikuwa na sauti yake. Kaingia kwenye picha na mkongojo, nimeshika maiki, kichwani hamna kitu. Ndipo nikamsikia Bibi Kwandu mlangoni.

Bibi Kwandu ni jirani yetu, nyumba zetu zinatazamana. Anauza karanga pale mlangoni siku za picha. Macho yake mekundu kwa moshi, miaka sitini anapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Haoni mbali. Kabla ya kusema chochote huvuta pumzi — hiii — kisha sauti nyembamba inapanda mpaka mwisho. Nikaichukua yote kama ilivyo.

Banda lilipasuka kwa kicheko. Mtu akaita jina lake. Mimi kichwa kikavimba, nikazidisha. Lakini mwishoni, jeneza la mtoto linatolewa, bibi yuko dirishani anatabasamu, nikavuta tu ile hiii — hakuna aliyecheka. Kimya ambacho sijawahi kukipata. Nimejisikia msanii, kweli.

Jumapili, 8 Julai 2001

Bibi Kwandu kanisimamisha njiani. "Naambiwa nimo kwenye video, mjukuu wangu." Nikamwambia ni sauti tu. Alicheka mpaka akafuta macho na kanga. Nitakufa watu bado wananisikia, alisema, akanimwagia karanga mkononi, akinishukuru, wabeja, wabeja.

Lucy hakucheka. Alikuwa anaosha vyombo, hakuinua hata uso. Kasema, sauti ya bibi wa watu, kwenye picha ya uchawi, na hapa kwetu, ambapo macho mekundu tu yanatosha kumponza mtu? Nimemwambia hajui sanaa.

Jumatano, 11 Julai 2001

Wapishi wa Kichina wameanguka. Viti vitupu! Picha nzuri kabisa, sufuria linazunguka hewani, na watu wananiuliza katikati: ile ya bibi, sehemu ya pili lini?

Watoto barabarani wanamfuata Bibi Kwandu na ile hiii. Yeye anadhani wanamsalimia. Anawajibu.

Mtoto wa Ndaki ana degedege, wamelazwa hospitali. Ndaki ni yule mwenye mikokoteni miwili ya kubebea pamba. Alikuwa mstari wa mbele Saba Saba.

Ijumaa, 13 Julai 2001

Mtoto wa Ndaki amefariki jana. Miezi kumi. Tumezika leo.

Bibi Kwandu alikuja msibani na unga kwenye beseni, kama wanawake wote. Akakaa kwenye mkeka. Wanawake wakasogea. Huyu anajifanya kumnyonyesha mwanawe, yule anafuata maji, mpaka mkeka mzima ukabaki wake. Kisha akataka kutoa pole. Akavuta pumzi kwanza, kama kawaida yake.

Ndaki akainua kichwa. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.



Jumatatu, 16 Julai 2001

Nilikuwa nasafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Ndaki akaingia na salamu, mwadila, mwadila, akakaa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nani alikuambia umpe yule bibi sauti ile?"

Nikasema hakuna. Ilikuja tu.

"Ilikuja tu."

Nikamweleza yote. Kwamba ni utani wa kazi. Kwamba picha imetengenezwa Nigeria, na wale watu ni waigizaji, wakimaliza wanakwenda kunywa soda. Kwamba Bibi Kwandu alikuwa amekaa karibu tu. Angekaa mama mwingine ningechukua ya mama mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Selestini, ungejua unachosema, ningesema umetumwa. Hukujua. Ndiyo maana naamini ulimtaja aliyemla mwanangu."

Nikarudi kusugua kichwa cha deki. Mimi! Ambaye kwenye maiki sikosi neno.

Akasema yeye na kaka zake wamekwenda kwa mganga ng'ambo ya mto Simiyu. Mganga hakutaja mtu. Aliwaambia wasubiri neno moja zaidi, litakuja lenyewe. Halafu akaniuliza sehemu ya pili yule bibi anafanywaje. Nikasema sijaiona. Ni kweli sijaiona.

"Basi tutaiona wote."

Nilimfuata Mayige tubadilishe, tuweke hata mieleka. Hataki. Kashatangaza kwa spika mpaka vijijini, na anasema tusipoionyesha watasema tunaficha, na hapo itakuwa vibaya zaidi. Ninachoogopa ni kwamba hapo Mayige ana akili.

Jumatano, 18 Julai 2001

Mkanda umefika na basi la Mwanza. Nimeuangalia mchana, sebuleni kwa Mayige, peke yangu, mapazia yamefungwa.

Bibi anakiri mbele ya mchungaji. Amewala watatu. Vijana wa kijiji wanamfunga mikono. Kisha moto. Moto mbaya, wa bei rahisi, unaona kabisa ni mdoli wa nguo. Nani pale bandani atauona mdoli? Na mwisho, tangazo: sehemu ya tatu, inakuja hivi karibuni.

Siku zote nimesema picha ambayo mbaya haadhibiwi si picha. Nimeligombania hilo na watu mpaka mate yakakauka. Leo nimekaa na mkasi mkononi. Lakini mkanda ukikatwa na kuungwa na mtu asiyejua unatafunwa na deki, na kila mtu ataona pengo.

Basi nitapindisha. Kiingereza pale nakijua mimi tu. Nitasema bibi kasingiziwa, sumu kaitia mke mdogo wa mwanawe. Kukiri nitageuza kuwa sala. Moto nitasema ni ndoto ya yule mke, dhamiri inamsuta. Na sauti nitabadilisha, nzito, ya polepole, isifanane na mtu yeyote wa hapa. Nimeifanyia mazoezi chooni.

Nimeandika barua kwa Thomasi, mtoto wa Bibi Kwandu, yuko Mwanhuzi na ng'ombe zake. Njoo umchukue mama yako kabla ya Jumamosi. Sikueleza kwa nini. Nimempa dereva wa lori.

Alhamisi, 19 Julai 2001

Nimemwambia Bibi Kwandu. Nilipiga magoti, nikamwambia wazi: bibi, nimekuponza. Wanasema hivi na hivi. Nenda kwa Thomasi.

"Mwanhuzi nikale nini? Pamba yangu iko ndani haijapimwa." Alikuwa anachambua karanga, mkono haukusimama. "Ndaki nilimkata kitovu mimi. Msibani kwake mtu ana maneno mengi, yatapita."

Hakunikasirikia. Hilo ndilo limeniumiza. Angenitukana ningepumua. Badala yake akaniuliza, yule mwenzake wa kwenye video anaendeleaje, yuko mzima? Nikatoka nje. Nimelia nyuma ya choo, mtu mzima.

Lucy amehamishia mkeka wake kwa Bibi Kwandu. Haongei na mimi.

Ijumaa, 20 Julai 2001

Thomasi hajaja. Sijui barua imefika au iko chini ya kiti cha lori.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kasema hawezi kumshtaki mtu kwa kungojea video. Kasema niende kituo cha polisi kama kuna tishio. Tishio gani nitakaloandikisha? Kwamba mtu kaniambia anaamini?

Ubao wangu wa ZINAZOKUJA umefutwa. Ya Kihindi ya Septemba, na nyingine zote. Limeandikwa neno moja, kwa mkaa: JUMAMOSI. Mwandiko siujui.

Jumamosi, 21 Julai 2001

Saa kumi na robo alasiri. Naandika bandani, kwa mwanga wa runinga. Herufi sizioni vizuri, nitasoma baadaye kama nitaweza.

Watu walianza kuingia saa saba. Wanaume tu. Hakuna mama hata mmoja, hakuna mtoto, hakuna aliyenunua miwa. Ndaki na kaka zake mbele. Lucy nilimwacha na Bibi Kwandu nyumbani, nikamsihi asimwachie atoke. Nilidhani hilo angalau limekaa sawa.

Dakika ya ishirini hivi, mlango ukafunguliwa. Bibi Kwandu na kigoda chake, Lucy nyuma anamvuta kanga. Kaja kujisikia! Watu wakampisha. Akapita katikati yao anasalimia, akaweka kigoda mbele kabisa, karibu na runinga, kwa sababu haoni mbali.

Yule bibi wa kwenye picha akaanza kusema. Nikampa ile sauti nzito. Minong'ono. Nikaendelea. Ndaki akasimama.

"Sauti ya juzi iko wapi?"

Nikaendelea kutafsiri.

"Selestini. Iko wapi?"

Nikasema kila sehemu ina sauti yake. Nikasema bibi hana kosa, sumu ni ya mke mdogo. Pale anapokiri, nikasema anasali. Mtu wa nyuma akacheka kidogo, mara moja. Ulipofika moto nikasema ni ndoto, na sauti yangu mwenyewe ikakatika katikati ya neno.

Ndaki akawageukia wenzake, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayewaelewesha watoto. Mmeona. Juzi alimtaja bila kujua. Leo amejua, na mdomo wake umefungwa. Na aliyeufunga yuko pale kwenye kigoda.

Hilo ndilo neno moja walilokuwa wanangojea. Nimewapa mimi.

Walitoka mmoja mmoja, bila kusukumana, kama watu wanaotoka kanisani. Mayige alitoka nao. Picha ilikuwa haijaisha. Nimefunga mlango kwa ndani, nimeweka gogo. Lucy kapenya nyuma, pale bati lilipoachia, kachukua baiskeli kwenda kituoni. Ni nusu saa sasa. Nimemtaka Bibi Kwandu apite na yeye. Mgongo wake haupindi hivyo.

Hawajaondoka. Naona miguu yao chini ya bati, imesimama. Hakuna anayegonga. Nafikiri wanangoja picha iishe — wamezoea, picha ikiisha mlango unafunguliwa. Basi haiishi. Nimeirudisha nyuma mpaka katikati, sasa inakwenda mara ya pili. Jenereta limeanza kukohoa.

Bibi Kwandu kakaa, mikono magotini, uso kwa runinga. Haulizi watu wamekwenda wapi. Kauliza mbona leo huyu bibi hasemi kama yeye. Nimemwambia maiki imeharibika.

"Basi niambie kwa mdomo, mjukuu wangu. Mimi naona wekundu tu. Wanamfanya nini?"

Kwenye runinga wamemshika mikono, wanaifunga kamba.

Nimesogeza benchi, nimekaa karibu yake. Nimemwambia wanamvisha kitenge kipya, bibi. Kijiji kizima kimekuja. Wanamfanyia sikukuu.

Anauliza sikukuu ya nini.