Kisu cha Hamisi

Runazi, Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijanyesha. Mihogo iliyokuwa imeanikwa uani wameiingiza ndani, na harufu yake imejaa chumbani kwangu.

Nimeficha jambo moja tangu harusi ya binti yangu wa kwanza. Naliandika leo kwa sababu miguu imeanza kuvimba, na najua maana yake.

Wengi mnaosoma ukurasa huu niliwafundisha. Mnalikumbuka somo la dini za ulimwengu: Uyahudi, Ukristo, Uislamu, Uhindu, Ubudha, yote kwa chaki. Mliniuliza dini ina kazi gani siku hizi, nami nilijibu vizuri. Wakati wa kambi za wakimbizi za Lukole niliitwa Ngara kuzungumza na viongozi wa dini juu ya kuheshimiana. Walinipigia makofi.

Mimi mwenyewe sikusikia chochote moyoni.

Huku kwetu dini ilikuwa na kazi ambayo sikuwahi kuiandika ubaoni. Mkristo akiwa na sherehe humwita Mwislamu achinje, ili nyama iwe moja na kila mgeni ale. Kwangu aliyechinja siku zote ni jirani yangu Hamisi. Alichinja kwenye ubatizo wa watoto, akachinja kwenye msiba wa mke wangu.

Leo amekuja kunijulia hali, anatanguliza fimbo, macho yana ukungu.

"Mwalimu, bado upo tu?"

"Nipo."

"Kisu cha ng'ombe wa msiba wako nimeshakinoa, kinaanza tena kushika kutu. Unanichosha."

Mkwe wangu akacheka huko jikoni. "Babu Hamisi, mwache apone basi."

"Akipona nitachinja kuku. Mimi sina hasara."

Kisha akanishikia kikombe cha uji, maana mikono yangu inatetemeka. Nilipokuwa nakunywa akasema, kama mtu anayezungumza habari za mvua, "Unajua, nikialikwa kwa watu huwa nauliza nyama imechinjwa na nani. Kwako sijawahi kuuliza."

Nikameza uji. Nilitaka kumwambia pale pale.

Asubuhi ya harusi ile ng'ombe nilimchinja mimi. Shemeji zangu wawili ndio walioshika kamba, na wote wameshakufa. Hamisi alipofika na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, nilimwambia kuwa kijana mmoja Mwislamu kutoka Nemba amepita, nikamwomba achinje, ameshaondoka. Akasema alhamdulillahi. Akakaa na mkewe, watoto wake na wenzake wa msikitini, wakala.

Jumapili padri alikuja kunipaka mafuta. Niliungama mambo madogo madogo. Hili nililiacha. Angenisamehe upesi mno, na nyama ile hakuila yeye.

Wajukuu wa Hamisi humsomea ninayoandika hapa. Nikibonyeza kitufe hiki, kabla ya swala ya Ijumaa atakuwa amesikia. Huenda asije tena kunishikia kikombe. Huenda siku yangu ikifika watu wake wakae pembeni wasile, na wanangu wasijue kwa nini mpaka wasome hapa. Nalifikiria hilo na kifua kimetulia tu, kama ninasoma habari za mtu mwingine. Hata hofu nayo imeniacha.

Lakini ni haki yake kujua kabla hajakinoa tena kile kisu.

Miaka yote nimejipa sababu. Kwamba Hamisi alichelewa. Kwamba jua lilikuwa linapanda, wapishi wamewasha moto na wageni wa upande wa bwana harusi wako njiani. Nimezirudia mpaka nikazikariri kama sala.

Hamisi hakuchelewa. Alifika saa ileile tuliyopatana. Mimi ndiye niliyewahi, nikachinja kungali giza, kwa makusudi. Nilikuwa nimefundisha dini za watu wote na hakuna hata moja iliyonigusa, basi nilitaka kuona kama kuvunja kitu kitakatifu cha mtu kutanigusa. Nilisimama mlangoni nikamtazama rafiki yangu akila mpaka akanawa mikono.

Sikusikia kitu.