Mkono Ulioachia Bomba

Jumatano, mvua tangu saa nane. Wiki ya kumi na moja tangu nitoke Kitui.

Mokaya hajafungua macho.

Ni mwenzangu wa kuchimba visima, mtu wa Manga. Jumatatu alikuwa chini, futi hamsini, katika boma moja huku Nyamache. Mimi nilikuwa juu. Jirani ana mashine ya kusaga mahindi, kwa hiyo hata upige kelele husikiki. Tunaongea kwa bomba la chuma la kutolea maji: yeye anagonga kwa nyundo, mimi nimeweka kiganja. Pigo moja, teremsha ndoo. Matatu, nitoe.

"Wewe Mkamba," aliniambia akishuka, "kwenu mnafukua maji mchangani kama kuku. Hapa mkono ukae kwa bomba."

Niliacha shule darasa la saba, lakini hilo nililishika: sauti hupita ndani ya chuma upesi kuliko hewani. Akigonga kule chini, kiganja kinajua kabla sijapepesa jicho.

Ila chuma hakikuwekei habari. Ikipita, imepita.

Mama mwenye boma akaniletea chai. Kikombe cha mama wa watu hakipokelewi kwa mkono mmoja. Nikaachia bomba, nikapokea kwa miwili, nikainama kidogo, nikashukuru. Niliporudisha mkono nikapata pigo moja, dhaifu.

Nikateremsha ndoo.

Mtu anakosa hewa, mimi nampelekea ndoo!

Ilikaa huko bila jibu. Nilipochungulia alikuwa amelala kwenye tope. Kamba ilikuwa kiunoni mwake, lakini kumvuta peke yangu sikuweza, mpaka majirani wakaja mbio.

Leo hospitalini mkewe, Moraa, aliniuliza, "Shemeji, kwani hakugonga?"

"Aligonga mara moja."

"Mara moja tu? Huyu akibisha kwangu hata mbuzi wa jirani wanaamka."

Pigo moja ndilo nililolipata mimi. Aliyotuma yeye yalikuwa matatu, nayajua.

Chuma hakikuchelewa. Niliyechelewa ni mimi, na leo siku ya tatu bado nachelewa.

Kesho asubuhi, kabla Moraa hajaketi, nitamwambia habari ya ile chai.

Nanyi wa nyumbani mnaosoma hapa, nilisema narudi Jumapili. Msiningoje. Nitarudi Mokaya akishafika kwake Manga, kwa miguu yake, au akibebwa, nami nikiwa mmoja wa wabebaji.