Jina Lililoganda Mdomoni

Nyuma ya kanisa la Methodisti,
Mampong, Asante.
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Ampofo, mume wangu mdogo,

Hujambo huko Hamburg? Baridi inakutendaje, na huo mgongo wako wa kubeba makasha? Unakula chakula cha maana, au bado unakunywa chai na mkate kama mgonjwa? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linaniuma kama kawaida yake, na upepo wa harmatani umetupasua midomo sote. Mkeo Serwaa hajambo, maziwa anayo tele. Binti yako hajambo, ananyonya kama aliyetumwa. Chafya zimepungua. Habari ya hizo chafya utaisikia.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ijumaa uliponipigia na sauti ikakatika katikati, usidhani ni mtandao. Ni mimi niliyekukatia. Nilibonyeza kile kitufe chekundu kwa kidole changu mwenyewe, maana ningeendelea kukusikiliza ningekutukana, na mkeo alikuwa ananyonyesha. Eti, "Nana, ile ya Jumatano haihesabiki, tutarudia Jumamosi ijayo mtandao ukiwa mzuri." Haihesabiki! Tangu hapo hasira haijanitoka, na leo tumetoka kanisani nimemkalisha Serwaa mezani aandike kila neno ninalosema. Shule mimi sikuiona, lakini mdomo ninao. Ameniomba nipunguze ukali. Nimemwambia andika hivyo hivyo. Barua ataibeba Frema, binti wa muuza vitambaa, anayerudi huko kwenu Jumanne. Frema haishiwi chaji.

Kwanza, nani alikwambia jina la mtoto ni siri? Wewe ulipozaliwa, marehemu baba yako alikwenda mapema kwa mzee Kusi, akaketi, akamtajia jina sikioni, ili hata yeye akipatwa na jambo mtoto asikose jina. Ndivyo tunavyofanya. Wewe ukasema la, litakuwa la kushtukiza, utalitamka mwenyewe kwenye skrini kubwa ya kukodi, watu wapige makofi. Hata mkeo hukumwambia. Jina la mtu umelifungia ndani ya simu kama vocha!

Haya. Jumanne mchana mtandao ukafa. Wengine wanasema nyaya zimekatika chini ya bahari, wengine wanasema mnara umeungua. Mimi najua tu kwamba hapo ndipo nilipoona ulivyotufunga mikono. Pesa za mbuzi ziko kwenye simu ya Serwaa, na yule mama wa kibanda cha pesa amekunja mikono anatazama nzi. Umeme umeisha, nao hauongezwi ila kwa simu. Wageni uliwaalika kwenye lile kundi lenu la familia, ukawaambia saa utawajulisha baadaye. Baadaye ipi? Nusu ya ukoo walikuwa hawajui kama ni alfajiri au ni mchana, wamekaa wanatikisa simu zao kama mtu anayesikiliza maji ndani ya nazi.

Nikamwambia binamu yako Boakye aende akawaite watu. Akasema, "Nana, tungoje kidogo, utarudi."

"Nani atarudi?"

"Mtandao."

"Huo mtandao ni mjomba wako?"

Nikachukua fimbo yangu nikatoka. Kwa goti hili, Ampofo. Nyumba kwa nyumba, hodi kwa hodi. Na unajua walinipokeaje? Mzee Kusi aliponiona mlangoni alivua kofia. "Dufie, nani amekufa?" Kwa mkwe wako, hivyo hivyo, akashika kichwa kabla sijafungua mdomo. Mmefika mahali ambapo mtu akija kwa miguu yake wanajua ni msiba! Ikawa kila mlango lazima nianze na, "Hakuna aliyekufa, njooni kesho alfajiri, mtoto anatimiza siku nane, tumpe jina."

Mbuzi nilitoa wangu, yule mweusi mwenye kiburi. Taa za mafuta tuliazima kanisani. Eto niliponda mwenyewe, viazi vikuu na mawese, mayai juu. Alfajiri ya Jumatano ua ulijaa hadi watu wakaketi juu ya vinu.

Na huo mtandao, sijui uliona aibu, ukarudi kidogo. Boakye akawasha jenereta, uso wako ukatokea kwenye skrini, mkubwa kuliko mlango. Nilifurahi, sitakudanganya. Umenenepa mashavu. Mzee Kusi akamimina pombe chini, akawaita waliotangulia kwa majina yao. Serwaa akanipakatisha mtoto ndani ya kitambaa cheupe. Nikauliza kama inavyoulizwa: "Baba, mtoto huyu anaitwa nani?"

Ukafungua mdomo. Ukaganda hapo hapo. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama samaki wa kukaushwa.

Tukangoja. Boakye akapanda ukutani na simu, akashuka, akapanda tena. "Sogea kushoto!" "Zima uwashe!" Kila mtu fundi. Mzee Kusi akanitazama akasema, "Dufie, mjukuu wako amekuwa picha. Sisi picha kubwa hivyo huwa tunamtengenezea marehemu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ilinichoma, kwa sababu miaka yote hii hivyo ndivyo ulivyo kwangu, uso wa kwenye kioo, unacheka, halafu unazimika.

Upepo ukaanza. Mtoto akapiga chafya, akapiga nyingine, midomo ikawa kijivu. Serwaa akaniangalia, na jua limeshagusa bati la kanisa, wakati jina hutolewa kabla halijachomoza. Waliotangulia wameshaitwa, wameshanyweshwa. Ulitaka niwaambie nini? Mababu, samahanini, ketini kwanza, kuna hitilafu ya kiufundi?

Nikamwambia mzee Kusi, "Endelea."

"Kwa jina gani?"

"Dufie. Kama baba hana mdomo, bibi anao."

Basi ndivyo anavyoitwa. Amezaliwa Jumatano, basi siku yake imempa Akua, mimi nimempa Dufie. Ukikasirika, kasirika. Kila ukimwita mwanao utakuwa unaniita mimi, na kumfokea huwezi, maana utakuwa unamfokea bibi yako.

Sasa hilo la kurudia. Mzee Kusi alichovya kidole kwenye maji, akamgusa mtoto ulimi, akasema, "Ukisema ni maji, yawe maji." Akachovya kwenye pombe, akamgusa tena, "Ukisema ni pombe, iwe pombe." Mtoto akakunja uso, akalamba. Wewe unataka nimrudishe mbele ya mzee Kusi Jumamosi, nimwambie maji yale hayakuwa maji, tulikuwa tunajaribu mitambo? Utakuwa uongo wake wa kwanza kufundishwa duniani, na mwalimu wake ni baba yake.

Hakuna kurudia.

Jana ujumbe wako umeingia kwenye simu ya Serwaa, ule wenye jina. Ameusoma peke yake, nikaona uso unambadilika, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akataka kunisomea, nikamkataza. Hata hapa anapoandika anabana midomo asicheke, nami sitaki kujua. Mtoto anaweza kuwa na majina mawili, na hilo la pili nimeliachia nafasi yake. Lakini halitasomwa kwenye kioo. Litatoka mdomoni mwa baba yake, amesimama kwenye ua huu, na kidole chake kimelowa maji. Ile chupa ya kijani ya pombe ya Jumatano imebaki nusu. Nimeifungia kabatini, na ufunguo ninao kiunoni.

Mkwe wako anakusalimu, moyo umetulia sasa. Boakye anakusalimu, ameteguka mguu alipokuwa akiruka kutoka ukutani. Mzee Kusi anakusalimu sana, anasema ufunge mdomo, nzi wataingia. Mwenyezi Mungu aulinde mgongo wako, akuepushe na barafu za huko, akufikishe kila unakokwenda.

Kila Krismasi unaniambia unakuja. Nakuuliza hali, unanijibu unakuja. Wewe nawe uliguswa ulimi, Ampofo, katika ua huu huu, na mimi ndiye niliyekupakata. Ulikunja uso kama mwanao. Maneno uliyoambiwa ni yale yale.

Ukisema unakuja, uje.

Bibi yako akupendaye hata akikukatia simu,
Dufie Mkubwa